Mkalimani Aliyeupa Ukumbi Mgongo

Saa mbili asubuhi, chumba cha mwisho kwenye korido ya ghorofa ya pili kina viti viwili, meza moja na feni inayozunguka huku ikilalamika. Ukutani limetundikwa shuka la bluu iliyokoza, halina ua wala mstari. Mbele ya shuka hilo ameketi mwanamke mwenye blauzi nyeusi ya mikono mirefu. Hana pete, hana bangili, na kucha zake zimekatwa hadi mwisho.

Simu iliyosimamishwa mezani inawaka. Anakaa sawa, anatabasamu kwenye kioo, na vidole vyake vinaanza kwenda.

Upande wa pili yuko mama mwenye mtoto mgonjwa, ndani ya zahanati iliyo mtaa mwingine kabisa. Mama ni kiziwi. Nesi anasikia, ila hajui lugha ya ishara hata neno moja. Kilicho kati yao ni simu hiyo, na ndani ya simu yumo mwanamke huyu.

“Muulize mtoto ameanza kutapika lini,” anasema nesi.

“Muulize yeye mwenyewe, nesi,” anajibu kwa upole. “Mtazame usoni, ongea naye kama unavyoongea na mzazi yeyote. Mimi utanisikia tu.”

Kisha nesi anaanza upya: “Mama, mtoto ameanza kutapika lini?”

Mikono inajibu kwenye kioo, na jibu linatoka kwa sauti ya mwanamke wa chumbani: “Jana jioni, baada ya kunyonya. Tangu alfajiri hajakojoa. Naogopa.”

Hilo “naogopa” analitamka kama lake. Sauti inashuka, nyusi zinakutana. Mtu akipita korido na kusikia, atadhani mtoto anayeumwa ni wake.

Nesi anaeleza kuwa mtoto amepungukiwa maji mwilini, atawekewa dripu, na mama atabaki naye kitandani. Anaeleza sindano itaingia wapi na kwa nini. Mama anauliza maswali yake yote, hata lile la kama anaweza kuendelea kunyonyesha. Simu inapokatika, mwanamke huyu anaitupa mikono yake mapajani kama aliyetua ndoo mbili za maji.

“Huyo amepona nusu tayari,” anasema. “Amejua mwanawe anafanywa nini.”

Mama huyo aliridhia baadaye kisa chake kiandikwe, mradi jina lake lisitajwe.

Mkalimani huyu ana miaka arobaini na mmoja. Katika jengo hili kila mtu anamwita Dada Vidole. Zamani lilikuwa bohari la matairi, na siku za jua kali harufu ya mpira bado hupanda kutoka sakafuni. Sasa ni kituo cha ubunifu. Meza ndefu zimepangwa ukumbi mzima, na vijana wenye kompyuta wanabishana mbele ya ubao mweupe uliojaa mishale. Kampuni changa huzaliwa hapa na nyingine hufa hapa hapa, na meza ya marehemu haikai wazi kwa muda mrefu.

Kampuni anayoifanyia kazi huwaunganisha viziwi na wakalimani kwa simu ya video. Kiziwi akiwa hospitalini, benki au dukani, anabonyeza kitufe, mkalimani anatokea, mazungumzo yanaendelea. Ni wazo jepesi kulieleza, lakini halikuwa jepesi kulifikisha lilipo.

Dada Vidole amekuwa mkalimani tangu kabla hajajua kwamba ukalimani ni kazi.

Kaka yake, anayemzidi miaka minne, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo. Yeye alipona, masikio yake hayakupona. Kwa hiyo mdogo wake alipozaliwa, alikuta nyumba inayozungumza kwa mikono.

“Watoto wengine wanaanza na mama na baba. Mimi nilianza na mikono,” anasema akicheka. “Mama akadhani na mimi sisikii. Siku moja akagonga sufuria nyuma ya mgongo wangu, nikaruka. Ndipo akapumua.”

Kicheko kinaisha anapofika kwenye ugonjwa wa baba yao.

“Nilikuwa darasa la tatu. Daktari alimvuta mama pembeni, akamwambia baba hatapona. Mama akanigeukia, akasema, ‘Mwambie kaka yako.’ Nikamwambia. Kaka akaanza kulia, mama analia, na mimi natafsiri. Huyu anauliza hili, yule anajibu lile. Walipomaliza kulia, zamu yangu ilikuwa imeshapita.”

Alipomaliza shule aliajiriwa kama msaidizi kwenye shule ya watoto viziwi, akakaa huko miaka mingi. Wakati mwingine aliitwa mahakamani. Mara nyingi zaidi aliitwa kwenye harusi na misiba, ambako malipo yalikuwa sahani ya chakula na “Mungu akubariki, dada.”

Kisha likaja tangazo kutoka kituo hiki cha ubunifu. Walikuwa na mafunzo ya wiki moja kwa watu wenye mawazo ya biashara, na mmoja wa waliochaguliwa alikuwa kiziwi. Wakahitaji mkalimani.

“Siku ya kwanza niliaibika,” anakumbuka. “Mkufunzi akasema taarifa zote zitahifadhiwa kwenye wingu, ile hifadhi ya mtandaoni. Nikaonyesha wingu la mvua. Yule dada kiziwi akatazama dirishani, akaniuliza, ‘Sasa tuondoke kabla hatujaloa?’”

Mchana mambo yakawa mabaya zaidi. Mkufunzi alizungumzia wawekezaji wa mwanzo, wale ambao watu wa biashara huwaita malaika. Dada Vidole akapiga mabawa kwa mikono yake miwili. Yule dada akashika kifua, akauliza kwa ishara: “Nani amefariki?”

Jioni hiyo walikaa wawili, wakaanza kutunga ishara za maneno hayo, moja baada ya nyingine. Mwekezaji wakampa ishara ya mtu anayefukia mbegu kisha anachungulia kila mara kama imeota. Viziwi wa mji mzima wanaitumia leo, na wanaongeza macho ya wasiwasi.

Dada huyo kiziwi ni msusi, na ndivyo anavyoitwa na wote, Msusi, ingawa siku hizi kampuni hii ni yake. Hajaacha kusuka. Jumamosi humkuti kituoni, utamkuta kwenye saluni yake, chumba chenye viti vitatu na kioo kirefu, taya za wateja zikiwa zimekazwa kwa maumivu ya rasta.

Mwandishi alipotaka kuzungumza naye, Dada Vidole alinyanyuka akaelekea mlangoni.

“Siwezi kutafsiri nikiwa nasemwa,” alisema. “Akinisifu nitapunguza. Akinisema vibaya nitatia chumvi.”

Nafasi yake ikachukuliwa na mwanafunzi wake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifundisha chekechea na ambaye hadi leo anaitwa Mwalimu. Kwa sauti ya Mwalimu, Msusi alieleza wazo lilikotoka.

“Nilipokwenda kujifungua, hakuna aliyejua ishara. Wakaniandikia kwenye karatasi. Mimi kusoma nasoma kidogo, na uchungu ulikuwa umenishika, herufi zinaruka. Ghafla kitanda kikaanza kusukumwa. Nikaona taa za juu zinapita, nikaona watu wamevaa barakoa. Nilidhani mwanangu amekufa. Niliamka na mshono, sijui kwa nini nimepasuliwa. Mtoto alikuwa mzima, kitandani pembeni yangu. Niligundua sababu baada ya wiki mbili, dada yangu alipokuja akauliza.”

Msusi hakumlaumu daktari. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, na upasuaji uliwaokoa wote wawili. “Walifanya kazi yao,” alisema. “Ila walifanya juu yangu, hawakufanya na mimi.”

Mtengeneza programu aliyekuwa meza ya jirani alikubali kuwasaidia kwa makubaliano ya kulipwa mambo yakinyooka. Ndani ya miezi michache huduma ikawa inafanya kazi, ikiwa na mkalimani mmoja tu. Dada Vidole aliacha ajira yake shuleni, akahamia kwenye chumba cha mwisho cha korido.

Mama yake alimuuliza kama akili zake ni timamu. “Nilimwambia sijui, mama,” anasema, “ila nimeshaondoka.”

Walianza kualikwa kwenye maonyesho ya kampuni changa. Msusi alieleza wazo kwa mikono, Dada Vidole akalitoa kwa sauti, watu wakapiga makofi. Hapo ndipo tatizo lilipojificha. Watu humtazama anayetoa sauti.

Baada ya onyesho moja, gazeti lilichapisha picha kubwa. Chini yake liliandika kwamba huyu ndiye mbunifu wa huduma kwa viziwi. Aliyekuwa katikati ya picha, mdomo wazi, mkono hewani, ni Dada Vidole. Msusi alitokea bega na nusu ya sikio.

Dada Vidole alipiga simu gazetini siku hiyo hiyo. Masahihisho yalitoka, mistari miwili chini ya matangazo ya viwanja. Picha ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za watu wote.

Msusi akanuna. Alidhani mwenzake ndiye aliyewaambia waandishi hivyo, au angalau hakuwakatalia.

“Kiziwi akikununia huna pa kushika,” anasema Dada Vidole. “Hahitaji kukuambia nyamaza. Anafumba macho, basi. Nilikwenda saluni, nimesimama mbele yake napunga mikono kama mtu anayefukuza nzi. Kafumba macho, anaendelea kusuka kwa kupapasa. Aliyeogopa ni mteja.”

Siku hizo hizo, mtu mmoja mwenye fedha zake alimwita Dada Vidole kwa chai kwenye hoteli. Alikuwa ameona picha. Alizungumza kwa heshima, wala hakuficha shabaha yake.

“Wewe una sura, una sauti, unaeleweka,” alimwambia. “Yule mwenzako abaki nyuma kama mshauri. Sisi tunaotoa fedha tunataka mtu wa kuzungumza naye moja kwa moja. Ukikubali, nakuweka kwenye mshahara mwezi huu, na sehemu ya kampuni nakuandikia.”

Dada Vidole alikuwa na miezi mitatu hajalipwa. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kumsalimia kwa kikohozi. Anasema alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

“Nikamwambia, ‘Baba, nakushukuru. Lakini yale maneno uliyoyapenda hayakuwa yangu. Ukininunua mimi peke yangu umenunua spika, redio umeiacha dukani.’”

Yule bwana alicheka, akalipa chai, hakupiga simu tena.

Dada Vidole hakumwambia Msusi. “Ningemwambia, ingekuwa kama namdai shukrani. Na kwa hali tuliyokuwa nayo, angesema nimetunga.” Alimwambia kaka yake peke yake, jioni moja kwenye karakana yake ya useremala, naye akaendelea kupiga randa kana kwamba hakuona kitu.

Alikuwa ameona. Mkesha wa shindano kubwa la mwaka la kampuni changa, kaka huyo alifunga karakana mapema akaenda saluni kwa Msusi. Alisimama mlangoni, akawasha na kuzima taa mpaka Msusi akageuka, akamweleza kila kitu.

Alipoulizwa kwa nini alitoa siri ya dada yake, fundi huyo alipangusa vumbi la mbao mikononi kabla ya kujibu, na Mwalimu akatafsiri: “Dada yangu ndiye mkalimani. Yeye ndiye aliyekula kiapo. Mimi ni seremala.”

Dada Vidole hakujua lolote. Asubuhi ya shindano alifika akiwa na jambo lake moja. Aliwaomba waandaaji wasimpandishe jukwaani. Alitaka kiti chini, mbele kabisa, akimtazama Msusi, na kipaza sauti kilichobanwa kolani.

“Lakini watu watakuona mgongo tu!” alishangaa mwandaaji.

“Ndicho ninachokitaka,” alimjibu. “Wawe na mtu mmoja tu wa kumtazama.”

Ikawa hivyo. Msusi alisimama peke yake kwenye taa, na sauti ikatoka kusikoonekana. Waliokuwepo wanasema baada ya dakika chache walisahau kabisa kuwa sauti si ya yule mwenye mikono.

Maswali yalipoanza, jaji mmoja aliinama upande ili amwone aliyeketi chini.

“Swali langu ni kwa mkalimani,” alisema. “Dada, wewe unasikia na unazungumza. Kwa nini usiongoze kampuni hii wewe? Mambo si yangekwenda haraka?”

Dada Vidole hakugeuza shingo. Alilipeleka swali kwa Msusi kama lilivyokuja, hata ule uinamaji wa jaji aliuonyesha. Msusi alitabasamu. Kisha mikono yake ikaanza, polepole, na sauti ikaifuata.

“Aliombwa. Mtu mwenye fedha alimwita, akamwambia aniweke nyuma. Wakati huo hakuwa amelipwa miezi mitatu. Alikataa, na hakuniambia. Mimi nilikuwa nimemfumbia macho. Nimeambiwa jana, na kaka yake.”

Kwenye neno “kaka” sauti ilikatika.

Mkalimani haruhusiwi kusema jamani ngojeni kwanza. Haruhusiwi kuruka sentensi. Msusi aliona mabega ya mwenzake yakipanda na kushuka, akaiacha mikono yake ining’inie, akasubiri. Ukumbi mzima ulisubiri pamoja naye. Kisha akaendelea, na sauti, ikikwaruza, ikaendelea pia.

“Nimeyasema haya hapa kwa makusudi, kwa sababu najua atayatamka yote bila kubadilisha hata neno, ingawa yanamuumiza. Jaji, programu ya simu mtu yeyote anaweza kutengeneza. Ninachowaletea ni watu wa namna hii.”

Alipoulizwa alijisikiaje wakati huo, Dada Vidole aliziba uso kwa viganja. “Nilitaka ardhi inimeze. Halafu nikawaza, ikinimeza nani atatafsiri?”

Hawakushinda. Tuzo ilikwenda kwa vijana waliotengeneza mita ya maji, na Dada Vidole anasema walistahili. Lakini wakati viti vinakusanywa, mkunga mkuu wa zahanati moja alimfuata Msusi, akasimama mbele yake, akazungumza akimtazama yeye.

“Mwezi uliopita nilimzalisha binti kiziwi,” alisema. “Mpaka leo sijui kama alinielewa. Mnaweza kuanza lini?”

Walianza Jumatatu iliyofuata. Leo zahanati tisa za mji huu zinatumia huduma hiyo, na wakalimani ni watano, Mwalimu akiwa mmoja wao. Mtengeneza programu ameanza kulipwa. Mshahara wa Dada Vidole unakuja kila mwezi, ingawa ni mdogo kuliko alioupata shuleni, na mikataba ya zahanati inakwisha mwisho wa mwaka. Hakuna anayejua kama yote itahuishwa. Mtandao ukikatika katikati ya mazungumzo, kama ulivyokatika mara mbili mwandishi akiwa chumbani, mgonjwa anabaki anatazama kioo cheusi.

Mwili nao una malalamiko yake. Mabega yanamuuma, jioni anaiweka mikono kwenye beseni la maji ya moto, na kufua amewaachia watoto wake. Kizito zaidi ni habari anazopitisha. Wiki chache zilizopita, kwa mdomo wake na kwa vidole vyake, mama mmoja aliambiwa kuwa mimba yake imeharibika.

Kwa siku kama hizo Msusi aliweka kanuni kwenye kampuni: mkalimani aliyepitisha habari nzito hapokei simu inayofuata. Anafunga mlango, na hakuna anayebisha mpaka atoke mwenyewe. Wapo waliosema ni uvivu. Msusi aliwajibu kwa ishara fupi ambayo Mwalimu alikataa kuitafsiri.

“Mara ya kwanza nilipojifungia mlango sikujua nifanye nini,” anasema Dada Vidole. “Nilikaa tu natazama ukuta. Halafu nikalia, nikamaliza. Nikanawa uso, nikatoka. Kumbe inawezekana.”

Sasa yeye na Mwalimu wanaandaa mafunzo ya jioni kwa manesi, ili angalau kila zahanati iwe na mtu mmoja anayeweza kuuliza “unaumwa wapi” kwa mikono yake. Darasa la kwanza limejaa kabla halijatangazwa. Siku moja, anasema, angependa kuona chumba chake cha korido hakihitajiki sana, kigeuzwe stoo.

Lakini ana mpango mwingine wa karibu zaidi, na huo ndio unaomfanya azungumze haraka haraka. Binti wa kaka yake anaolewa. Katika shughuli zote za ukoo huu, tangu akiwa mtoto, Dada Vidole amesimama nyuma ya kiti cha kaka yake, akipeleka hotuba na kurudisha majibu, akila baada ya wote. Safari hii Mwalimu ndiye atakayesimama. Tayari amekwenda karakana mara kadhaa kuzoea mikono ya fundi, ambayo inasemekana ina haraka na utani mwingi.

Bibi harusi mtarajiwa ndiye aliyeshikilia iwe hivyo. “Nilimwambia, ‘Shangazi, nina mkalimani. Sina shangazi wa kuniozesha,’” anasema.

Kiti chake kimeshapangwa, mstari wa mbele, bega kwa bega na kaka.

“Watasema ya kwao, mimi nitasikiliza,” anasema Dada Vidole. “Maneno yaingie masikioni mwangu, yabaki humo humo. Sijawahi kwenda harusini namna hiyo.”